Milioni 14.4 kwa mwaka ni shilingi ngapi kwa saa?

Ndugu, umeuliza mshahara wa 14,400,000 kwa mwaka ni sh ngapi kwa saa na utapokea ngapi mkononi. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52 upate saa 2,340. Kwa hiyo ni kama 6,154 kwa saa. Ovataimu huanzia hapo, mara moja na nusu: 9,231.

Mkononi sasa. Kwa mwezi ni 1,200,000. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10% inatoka kwanza, 120,000. Kodi inapigwa kwenye 1,080,000 iliyobaki, si kwenye mshahara wote (wengi hukosea hapa): 152,000. Unabaki na 928,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), toa tena 180,000, ubaki na 748,000. Tafadhali pangia bajeti kiasi hicho kinachobaki mkononi kabla hujasaini mkataba.