Kabla hujaikata sugu, kikague kiatu

Kwa miaka mitatu nilikuwa naikata kwa wembe sugu ya kidole changu kidogo, na haipiti wiki nyingi inarudi palepale. Nilikuwa nauza kwenye duka la vitambaa Darajani, kutwa nimesimama kwenye saruji, miguuni viatu vya kufunika vyenye ncha nyembamba. Siku moja wembe ukazama. Kidole kikavimba, nikachechemea siku nne. Ndipo nilipotia mkono ndani ya kiatu: upande wa nje mshono umetuna, mgumu kama ukingo wa ukili, pale pale kidole kinapokaa.

Sugu ni ngozi inayojikinga. Ikibanwa au kusuguliwa kila siku, huongeza unene. Ya unyayoni huwa pana na mara nyingi haiumi. Ya kidoleni ni ndogo, ina kiini kigumu kinachokandamiza kwa ndani, na hiyo ndiyo inayokuvulisha kiatu ndani ya daladala. Ipo pia ya baina ya vidole, laini na nyeupe kwa jasho, wengi huidhania fangasi.

Kiatu kinachobana hujulikana. Kinachopwaya nacho ni kibaya, maana mguu unateleza humo kutwa. Kisigino kirefu husukumia uzito mbele. Na sisi tunaosali tunaijua ile ya kifundo cha mguu, ya kukalia tahiyatu kwenye mkeka mtupu. Tandika msala mnene.

Jaribu hivi. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, simama juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Wangu mstari ulitokeza pande zote mbili! Tangu hapo nanunua viatu baada ya alasiri tu.

Sugu yenyewe iroweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, isugue taratibu kwa jiwe la miguu, upake mafuta ya nazi. Usiimalize siku moja. Yangu, baada ya kuhamia makubadhi ya wazi, ilichukua kama miezi miwili.

Mwenye kisukari asijitibu, wala asibandike plasta za kuondoa sugu. Zina asidi, na mguu uliopungua hisia huungua mwenyewe asijue. Aende kwa daktari. Mama yangu anayo sukari. Kila usiku baada ya Isha namwekea mguu wake pajani, naupitisha mwanga wa simu unyayoni na kati ya kila kidole.