Kabla hujamuuliza fundi bei

Kamera yangu ya kwanza ya kazi, Canon 6D, niliipeleka kwa fundi kwa ajali mbili. Ile ya kwanza nililipa na sijawahi kujuta. Ya pili nililipa vilevile, na hadi leo nikikumbuka ile pesa naona kama niliimwaga baharini, ambako ndiko maneno yenyewe yalikoanzia.

Nayaandika haya kwa sababu wapiga picha wenzangu hapa Tanga hawaishi kunipigia: "Dada, kamera imedondoka, kutengeneza kwake itakuwa shilingi ngapi?" Mimi humrudisha nyuma kwanza. Imedondoka wapi, imelowa au haikulowa, na imekataa kufanya nini hasa? Bei tutafika tu.

Ajali ya kwanza ilitokea ukumbini, kwenye harusi. Kamera ilikuwa juu ya stendi, akina mama wakainuka kwenda kutunza, vigelegele juu, khanga ya mmoja ikanasa mguu wa stendi. Kamera ikaenda kifudifudi kwenye marumaru. Niliposikia kioo kinapasuka nilijua mkate wangu umeishia pale. Kumbe kilichopasuka ni filta, kile kioo cha kinga kinachofungwa mbele ya lenzi; lenzi yenyewe haikuwa hata na mkwaruzo. Kwa hiyo ukiona vigae vya kioo mbele ya lenzi usianze kulia. Geuza uso wa lenzi chini, kung'uta taratibu, fungua filta, ndipo uangalie kilichobaki.

Tatizo lilikuja baadaye. Kila nikipiga, skrini inaandika Err 01, yaani lenzi na bodi, mwili wa kamera, hazielewani. Nilisafisha vile vishikizo vya dhahabu vya nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu, wapi. Nikaazima lenzi ya 50mm ya rafiki, nikaifunga, ikapiga picha mia bila kununa. Hapo nikajua bodi ni nzima na mgonjwa ni lenzi. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na nashangaa watu wanavyokiruka, wanabeba kamera nzima hadi Dar wakati wangepeleka lenzi peke yake.

Nikairudisha lenzi yangu, 24-105, na kujaribu tena. Kwenye f/4, tundu la mwanga likiwa wazi kabisa, inapiga vizuri; nikienda f/8, tundu likibanwa, kosa linarudi. Kwa 24-105 f/4L, ile iliyotoka mwaka 2005, mafundi dalili hii wanaijua: ni fleksi, utepe mwembamba wa nyaya unaopeleka amri kwenye vile vijipande vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Fundi wa Kariakoo alinitoza 180,000. Lenzi ya aina hiyo ya mtumba wakati ule niliambiwa 900,000, tena bila kupunguziwa. Sikuwaza mara mbili, na ile lenzi ninayo mpaka sasa.

Kuna kipimo kingine cha kamera iliyoanguka, hasa kama inawaka vizuri na unajipa moyo kwamba imepona. Bandika gazeti ukutani, lipige ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, kisha vuta picha uangalie pembe nne. Kama upande mmoja herufi zimekolea na upande wa pili zina ukungu, kuna kioo kilichohama ndani ya lenzi au ringi ya kufungia imepinda. Kurekebisha hilo kunataka vifaa vya kupimia. Muulize fundi atahakikishaje kwamba amekirudisha mahali pake. Akikujibu "nitaona tu kwa macho", mshukuru, chukua lenzi yako uondoke.

Sasa ajali ya pili, Maziwe. Kwa asiyepajua, ni kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, maji yakijaa kinafunikwa, kwa hiyo mnakwenda na kurudi kwa saa za bahari. Nilikuwa na maharusi wageni. Wakati wa kurudi upepo ukachafuka, wimbi moja likaingia botini, na mkoba wangu uliokuwa miguuni ukaogelea. Nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: nikaiwasha kamera nione kama ni nzima. Ikawaka! Nikamshukuru Mungu kwa sauti, boti nzima ikacheka.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, na umeme wa betri ukipita humo shaba ya saketi inaliwa. Hata yakikauka chumvi inabaki, nayo huvuta unyevu hewani, na pwani yetu unyevu haujawahi kuwa haba. Mchele mnaoambiwa muifukie kamera hauwezi kuitoa chumvi. Cha kufanya ni kutoa betri palepale, kutoa kadi, kutogusa swichi kabisa, na kumfikishia fundi mapema iwezekanavyo aifungue na kuiosha saketi kwa spiriti safi kabla kutu haijaanza.

Mimi nilimfikia baada ya siku nne. Mzee, yule yule fundi wa Kariakoo, aliifungua, akanionyesha kijani kwenye viungio. "Binti yangu," akaniambia, "ile ya mwanzo ilikuwa majeruhi. Hii ni mgonjwa. Nitaishusha homa leo, wiki ijayo itarudi inalalamika tumbo." Sikumsikiliza. Alitaja 300,000 na mimi nikailinganisha na bei ya kamera nyingine, nikaona ni nafuu.

Mwezi wa kwanza flashi ikagoma. Mwezi wa pili ikawa haisomi kadi, 150,000 nyingine. Mwezi wa tatu ikazima kwenye sendofu, kabla keki haijakatwa, na nikairudishia familia nusu ya malipo yao. Hiyo nusu ndiyo sikuiweka kwenye hesabu zangu. Kama kamera yako ni ya kupigia watoto nyumbani, ikizima itakuudhi tu. Kama unalipwa, ikizima unadaiwa.

Halafu kulikuwa na umri wake. Shata ya 6D, lile pazia linalofunguka na kufunga kwa kila picha, imetengenezwa kwa makadirio ya picha 100,000, yangu ilikuwa imezivuka zamani. Hata saketi ingepona, shata ingefuata. Idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga, Nikon nyingi huiandika ndani ya faili la picha, Canon nyingi unahitaji programu ya kompyuta na waya. Iulize pia unaponunua mtumba, maana ngozi safi ya nje haikuambii imepiga harusi ngapi.

Nilipokubali kununua nyingine, nilianza na kilichomo kabatini. Nilikuwa na lenzi tatu za EF, aina ya Canon, na betri nne za LP-E6, zile za 6D. Nikachukua Canon 5D Mark III iliyotumika, vyote vikaingia. Kamera zisizo na kioo cha kupindua (mirrorless) zilinitamanisha, na lenzi za EF zinafanya kazi kwenye EOS R, za aina hiyo za Canon, kwa adapta, lakini hesabu betri pia: EOS RP, kwa mfano, inatumia LP-E17, si LP-E6. Na ukiletewa Sony ya mtumba kutoka Japani, fungua menyu kwanza. Zile za soko lao nyingi zina Kijapani peke yake.

Ukiamua kutengeneza, andika namba ya kamera, ipige picha pande zote, bakiza kadi yako nyumbani, na risiti itaje kifaa kilichobadilishwa. Usiifungue mwenyewe kama ina flashi ya ndani, kapasita yake, kifaa kinachotunza umeme wa flashi, hukaa na umeme mkali hata betri ikiwa mfukoni mwako. Kijana mmoja ninayemfahamu alifungua Canon 700D, yenye flashi ya ndani, kwa bisibisi ya simu. Anasimulia mwenyewe, huku akijishika mkono.

6D yangu mzee alinipa 100,000 akaichukua kwa spea. Skrini yake sasa iko Muheza, kwenye 6D ya kijana ambaye yake ilidondoka ngazini ikapasuka skrini tu.