Shangazi Anajibu: Nimeitisha mikutano, hawaji

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, wilaya ya Chamwino. Nimeitisha mikutano mitatu kuhusu msongo wa mawazo kwa akina mama. Wanakuja wachache na hawasemi kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Uliiweka saa ngapi? Huko kwetu kiangazi kikikolea, mama anatoka alfajiri na ndoo ya lita 20. Saa nne unayomngojea ofisini, yeye bado yuko foleni kisimani.

Kazi yako hii ina taaluma yake, saikolojia ya jamii, iliyoanza rasmi mwaka 1965, wataalamu walipokutana Swampscott, Marekani. Hawakuridhika na kumsubiri mtu aumie kwanza, kisha atibiwe peke yake. Walitaka yatazamwe pia mazingira anamoishi.

Nami nilijifunza hilo kwa kuumbuka. Nilifika kijiji kimoja na mada yangu ya sonona, wao wakataka kuzungumzia pampu iliyoharibika. Niliumia moyo, lakini nikafunga daftari. Wakachagua wenzao sita wa kufuatilia pampu. Mimi nikabaki mwandishi wa barua zao tu. Maji yalipotoka, ndipo wakaanza, bila kuulizwa, kusimulia usiku wasiolala na waume walioondoka.

Kwa hiyo wiki hii usiitishe mkutano. Nenda kisimani, panga foleni, sikiliza. Uliza wakizidiwa na mawazo humkimbilia nani. Mara nyingi ni bibi fulani asiye na cheo. Mwombe yeye akuelekeze. Na la mtu ulilosikia kule, tafadhali, lisiingie kwenye ripoti yako.