Madogo wa fomu wani, neno la sayansi litakalokuponza ni lile unalolijua

Jaribio langu la kwanza la kemia sekondari nilipata 11 kwa 100, na swali lililonimaliza mpaka leo nalikumbuka, mata ni nini, kwa Kiingereza. Nikaandika mata ni tatizo, afu nikaweka na mfano kabisa, kwamba kwetu tuna mata ya maji. Si nilikuwa nasikia kwenye muvi watu wanaulizana wotsi za mata, nikajua nimelipatia. Ticha akasoma mbele ya darasa, we acha tu. Kumbe mata ndo maada, kitu chochote chenye tungamo (zile kilo zake) na kinachochukua nafasi, nilishafundishwa primari kwa Kiswahili na nilikuwa nalijua vizuri tu.

Siku hizi nafundisha tuisheni jioni huku Mbagala, kila Januari nawapokea wengine na kosa ni lile lile. Wanakuja wanaogopa maneno marefu, usanisinuru, haidrokloriki, sijui nini, mi nawaambia hayo hayana shida kwa sababu ukilikuta hulijui utalitafuta tu. Shida ni lile ambalo ukilisikia unasema aah hili nalijua, unalipita, afu kwenye mtihani linakuua.

Chukua presha. Niliwahi kumuuliza binti mmoja presha ni nini akanijibu ni ugonjwa ticha, bibi yangu anao, hatakiwi kula chumvi. Darasa likacheka ila mi sikucheka (nakumbuka ya mata). Mtaani presha ndo hiyo. Kwenye fizikia presha ni kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ukigawa kwa eneo inapokandamiza, na Kiswahili chake kizuri kuliko hata cha Kiingereza, kanieneo, neno limejieleza lenyewe. Mdada akivaa viatu vya kisigino chembamba akapita kwenye mchanga pale Coco Beach kisigino kinazama, akivua akavaa ndala anatembea freshi, mtu ni yule yule na uzito wake ule ule, kilichobadilika ni eneo. Na bibi naye hajatoka nje ya mada, damu inasukuma kuta za mishipa, ile 120 kwa 80 wanayoandika zahanati ni milimita za zebaki, kipimo cha presha kabisa. Kwa hiyo kila mtu ana presha, bibi yake imezidi tu.

Tishu sio ile ya mgahawani, ni kundi la seli zinazofanya kazi moja. Hiyo ukishacheka mara moja huisahau.

Gesi sasa. Ukimwambia dogo ataje gesi anakwambia ile ya mtungi. Haya, nenda jikoni, shika mtungi mdogo wa kilo 6, uinamishe kidogo taratibu, utasikia kitu kinacheza ndani kama maji kwenye dumu. Mle kuna kimiminika! Ni propani na butani zimekandamizwa mpaka zikawa kimiminika, ukifungua koki ndo zinageuka gesi na kutoka. Na ili kigeuke gesi kinahitaji joto, kinalichukua kwenye mtungi wenyewe, ndo maana mama akipika muda mrefu ukigusa mtungi kwa chini unaukuta wa baridi na saa nyingine umetoa jasho, yale ni maji ya kwenye hewa yamepoa yakawa matone pale. Umeona hapo, hali za maada zote umezipata jikoni bila kukariri, chuma cha mtungi ni yabisi, ndani kimiminika, kwenye jiko gesi. Afu usichanganye na gesi ya bajaji, ile ni methani, inakandamizwa na inabaki gesi humo humo kwenye tangi, ni ukoo mmoja na ile gesi asilia ya Songo Songo kule Lindi iliyoanza kuja Dar kwa bomba mwaka 2004. Kwa hiyo swali likisema taja gesi tatu usiandike ya kupikia, andika oksijeni, naitrojeni, kabonidayoksaidi, ulale.

Uzito ndo unawaua wengi zaidi. Sokoni tunasema uzito kilo mbili na muuzaji anakuelewa, ila kwenye karatasi ya fizikia kilo ni za tungamo, uzito unapimwa kwa nyutoni. Mtu wa kilo 50 hapa duniani uzito wake kama nyutoni 500, mpeleke mwezini unabaki kama moja ya sita, ila kilo zake zote 50 anazo. Huwa nawauliza hivi, ukibeba mizani ya mawe ya muuza nyama ukaenda nayo mwezini si itasoma vile vile? Itasoma vile vile, kwa sababu nyama na jiwe vyote vimepungukiwa uzito sawa. Ila ile ya springi ya kuning'iniza itakudanganya. Wanabishana dakika kumi, na mi nawaacha wabishane.

Pawa nayo, umeme ukirudi watu wanapiga kelele pawa hiyooo. Pawa ni kasi ya kutumia nishati, inapimwa kwa wati. Yuniti za umeme unazonunua za LUKU sio pawa, ni nishati, yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, sawa na juli 3,600,000. Pasi ya wati 1000 ikiwaka mfululizo saa zima imekula yuniti moja, taa ya wati 10 itaipata hiyo yuniti kwa masaa 100. Sasa baba akigomba kuhusu taa ya chooni we mwangalie aliyeshika pasi.

Kwenye biolojia neno la kuogopa ni mdudu. Umepima malaria ukaambiwa una wadudu wawili, basi kwenye mtihani mtu anaandika malaria inasababishwa na mdudu. Unakosa! Kinachosababisha ni plasmodiamu, kiumbe cha seli moja, huwezi kukiona bila hadubini. Mdudu ni mbu aliyekibeba, tena Anofelesi jike. Mdudu wa kisayansi ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana minane, kupe ana minane, wote sio wadudu hata kama nyumbani mnawaita hivyo.

Ninachowaambia wafanye ni kitu kimoja tu, daftari dogo la mfukoni, neno upande mmoja, afu chini yake maana ya mtaani na maana ya darasani, kwa Kiswahili chako mwenyewe kwanza, Kiingereza baadae. Ukianza na Kiingereza unakariri, na ukikariri swali likigeuzwa kidogo umeisha.

Kukariri kuweke kwenye alama za elementi, na hata huko usijichoshe, kwenye zile 20 za kwanza zinazokusaliti ni mbili tu. Sodiamu ni Na, imetoka natriamu, na potasiamu ni K, imetoka kaliamu. Hiyo ya pili nilikuwa naitaja juu juu mpaka jamaa mmoja anayesoma madrasa akaniambia ticha hilo mbona Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea. Na ni kweli, ndo mzazi wa neno alkali. Nikawakumbusha ile chumvi ya majivu ya kulainishia maharage, na hapo nikapata njia ya kuwaambia kwamba chumvi kwenye kemia sio ya mezani tu, magadi ni chumvi, shabu ya kutulizia maji ni chumvi. Kesho yake mmoja akaniletea shabu kwenye kimfuko, anaulizia kama anaweza kuionja.