Chumvi ya Katwe, mrututu na ndoo iliyotoboka

*Ziwa Katwe ni moja. Mbona chumvi nyingine ni nyeupe ya mezani, nyingine mawe ya kijivu tunayowapa ng'ombe walambe?* (Mwanafunzi, Kasese)

Kwa sababu humo hamna chumvi moja. Katwe, huku magharibi mwa Uganda, ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, lisilo na mto wa kuyatoa maji. Chemchemi huingiza madini, jua hufukuza maji, madini yanabaki: kloridi, kabonati na salfeti, hasa za sodiamu. Kila moja huyeyuka majini kwa kiwango chake, basi hazigandi kwa pamoja. Kiangazi kikikolea, kwenye vile viwanja vya kukaushia maji ya chumvi kando ya ziwa sodiamu kloridi, yaani chumvi ya mezani, hujitenga kama utando mweupe, na anayeiwahi hupata chumvi safi. Chini ya ziwa zote zimeshikamana na tope. Ndiyo mawe yanayovunjwa kwa mitaimbo. Mvua ikishuka, maji huzimuka na kazi ya viwanjani husimama.

Kiwanda kilichojengwa hapo kilishindwa upesi: maji ya chumvi yaliyala mabomba. Ioni za kloridi, chembe zake zenye chaji zilizoyeyuka majini, huharibu ngozi nyembamba inayoilinda metali. Wahandisi wangewauliza wachimbaji majembe yao hudumu muda gani!

*Mwalimu, nilikoroga mrututu kwenye ndoo ya bati nipulizie nyanya. Ndoo ikawa nyekundu, kisha ikatoboka. Nimeuziwa feki?* (Mkulima, Mbale)

La, ndugu yangu, ungekuwa feki ndoo ingepona. Mrututu ni salfeti ya shaba. Zinki na chuma cha ndoo huingia majini kwa wepesi kuliko shaba, kwa hiyo vinabadilishana nafasi: chuma kinaondoka, shaba inajibandika. Wekundu ule ni shaba, na ndiyo dawa yako iliyopotea. Tumia ndoo ya plastiki, na usisahau chokaa. Mrututu mtupu huunguza majani.

Ukitaka kuupima, pasha punje chache kwenye kijiko kikavu. Buluu itafifia ubaki unga mweupe, maana maji yaliyofungwa ndani ya fuwele yametoka. Dondoshea tone la maji, buluu hurudi. Kijiko hicho kisirudi jikoni: mrututu ni sumu.

*Shabu huua vijidudu kwenye maji ya kisima?* (Mama wa watoto watatu, Arua)

Hapana, mama. Shabu ina alumini inayokusanya tope mpaka lizame. Maji yakishang'aa, yachemshe.

*Chumvi yangu hulowa kila msimu wa mvua. Imeharibika?* (Jinja)

Haijaharibika. Sodiamu kloridi safi hainyonyi unyevu kirahisi. Wanaonyonya ni jamaa zake waliobaki ndani, kloridi za magnesi na kalsiamu. Funga kopo vizuri, maana chumvi ikilowa na kukaa wazi hupoteza pia madini joto yake.