Watoto wadogo si kikwazo cha kujitolea

Dada yangu, umeuliza kama inafaa kwenda kujitolea na watoto wa miaka 3 na 6, au usubiri wakue. Usisubiri. Anza na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi hapa Tanzania. Mkubwa mpe ufagio wa chelewa uliokatwa mpini umtoshe, mdogo abebe ndoo tupu. Vioo, sindano na mitaro waachieni watu wazima, na wote wavae viatu vya kufunika vidole. Saa moja inatosha. Wakianza kulia, rudini nyumbani bila kuwagombeza.

Ila kilichowakaa zaidi moyoni wanangu ni bibi mmoja jirani anayeishi peke yake. Kila Jumapili tulimpelekea maji. Binti yangu, wakati huo ana miaka 4, alibeba kidumu cha lita 3 kwa mikono miwili, akisimama kila hatua chache, na kufika sketi imelowa. Bibi alimsubiri mlangoni na kumpokea kama mgeni. Siku tuliyochelewa, mtoto ndiye aliyenikumbusha, "Mama, bibi hana maji!"

Kuhusu kituo cha yatima ulichotaja, nakuomba usianzie hapo. Watoto wale si maonyesho. Mkienda, mwulizeni kwanza mlezi kinachohitajika, mkae mcheze nao, na simu ibaki kwenye mkoba. Na kama mtaweza kurudi mwezi ujao, ahidini. La sivyo, msiahidi.