Mkondo Geu Si Mkondo Mbadala

SWALI: Nabuni saketi ya analogi ya kupimia volteji ya mkondo mbadala (AC), na maelezo yake nayaandika kwa Kiswahili. Niiite saketi au mzunguko?

JIBU: Iite saketi. Mzunguko si kosa, ila utalihitaji neno hilo mahali pengine, utakapoeleza kuwa umeme wa hezi 50 hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Hilo limekwisha.

Lililoniudhi ni hilo ulilolipitisha kimyakimya ndani ya swali: mkondo mbadala! Kila nikilikuta nalifuta, na kila nikilifuta linachipuka kwingine. Mbadala ni kinachoshika nafasi ya kingine. Mchezaji mbadala huingia mwenzake akiumia; njia mbadala hutumika ile kuu ikifungwa. Sasa mkondo huu umeshika nafasi ya nani? Nani kaumia? Najua watu wanapoteleza: mbadala na badili yana asili moja ya Kiarabu, basi wakisikia mbadala wanadhani wamesikia mabadiliko. Hawajayasikia.

Jina lake ni mkondo geu, kwa sababu hugeuka. Huelekea huku, kisha kule, na kwa hezi 50 hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde. Kugeuka huko ndiko kunakokupa kazi yote uliyo nayo mezani. Uupeleke moja kwa moja kwenye mita ya koili na sumaku, mshale utabaki sifuri, pengine ukitetemeka kidogo, kwa sababu unasukumwa mbele na nyuma kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana unatanguliza dayodi, vijenzi vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu, ziunyooshe. Nazo dayodi za silikoni hudai takriban volti 0.6 kabla ya kupitisha mkondo wa maana, kwa hiyo volteji ndogo huishia njiani, nawe unalazimika kuiweka dayodi ndani ya mrejesho wa opampu, yaani kikuza-ishara, ili kifidie upungufu huo. Msomaji aliyeambiwa geu ataelewa kwa nini unahangaika hivyo. Aliyeambiwa mbadala atauliza mkondo wenyewe uko wapi.

Simgombezi fundi anayelitamka huku ameshika bisibisi. Kazi yake inaenda na wenzake wanamwelewa. Wewe unaandika, na wengine watajifunzia hapo. Andika "saketi ya analogi ya kupimia volteji ya mkondo geu". Ukiona ni ndefu mno, "volteji geu" inatosha.